Mawe Sita ya Laurenti Kondo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Mwembesongo, Bigwa na huko juu milimani, nawasalimu. Leo sijatulia. Karatasi hizi nimezipanga mara tatu. Tunamkumbuka fundi Laurenti Kondo wa Mwembesongo, aliyetutoka wiki mbili zilizopita. Laurenti Kondo, fundi wa mbao za plastiki.

Alikuwa akiyeyusha madumu chakavu, akichanganya na maganda ya mpunga, kisha akikandamiza kwenye kalibu ya chuma. Unatoka ubao. Mchwa hawauli, mvua haiuozeshi.

Miaka mitatu iliyopita ubao wake uliwekwa kwenye kivuko cha kijito kule Bigwa, wanakopita wakulima wa mboga. Siku ya kwanza walisimama juu yake watu kumi, wakicheka na kurukaruka. Miezi mitatu baadaye ubao uleule ukakatika. Mama Angelina alikuwa na tenga la kabichi kichwani. Akavunjika mguu, na hadi leo anachechemea.

Laurenti hakutulia tena. Mjane wake, Mama Winfrida, ananiambia: "Chakula kinapoa, mwenzangu yuko uani. Namwambia, baba, kaa basi. Ananijibu, maganda nilizidisha, mke wangu. Yanaukaza ubao, lakini yanaufanya ukatike kama biskuti. Na plastiki haina haraka. Leo inabeba, kesho inabeba, kumbe inachoka polepole."

Akapunguza maganda. Akaweka ubao mpya uani, juu ya matofali mawili, akaupakia mawe sita ya mtoni. Mwaka mzima, alisema. Siku mia tatu sitini na tano, ndipo mbao za namna ile ziende Bigwa. Kila asubuhi alivuta uzi kutoka ncha moja ya ubao hadi nyingine, akapima ubao ulivyobonyea chini yake. Mwanzoni ulishuka upana wa kidole. Kisha ukatulia miezi minne. Siku ya mia tatu thelathini na nane akaandika daftarini: "Umeshuka tena. Unene wa kucha." Kesho yake akaanguka, hakuamka.

Je, ubao ulikuwa umeanza kuchoka, au lilikuwa joto la Februari tu? Yeye mwenyewe hakujua.

Msibani tulijaa. Mafiga hayakutosha. Tukaangaza uani, tukaona mawe sita mazuri, yamelingana. Tukayatia chini ya masufuria ya wali. Hakuna aliyeuliza.

Winfrida, binti yake, alipotoka ndani alikuta ubao mtupu. "Ulishaanza kunyooka," ananiambia. "Plastiki ukiiondolea mzigo, hurudia umbo lake. Sasa alichokiogopa baba sitakijua kamwe."

Wasikilizaji wapendwa, mawe mawili kati ya yale sita niliyabeba mimi. Nilitaka kusaidia. Naona aibu.

Mama Winfrida, Winfrida, na ukoo wote wa Kondo, poleni sana. Mungu amlaze Laurenti mahali pema.

Na ninyi ndugu zangu wa Bigwa, najua masika yamekaribia. Nasikia mnasema, ubao umebeba karibu mwaka, tuweke tu. Jamani, mkumbukeni Mama Angelina. Karibu mwaka si mwaka.

Winfrida ameyarudisha mawe juu ya ubao, na masizi yake. Kila asubuhi, kabla sijaja hapa studio, napita kumshikia ncha ya uzi. Tumeanza kuhesabu upya; leo ni siku ya tisa. Zimebaki mia tatu hamsini na sita.