Mzee Nzioka, Kiondo Yake na Katapila ya Mountain View

Miaka thelathini na moja Mzee Nzioka amefanya kazi kwa hii yadi yetu ya mashini za barabara, na tarehe thelathini mwezi huu wa tisa ndiyo siku yake ya mwisho. Welfare, chama yetu ya wafanyakazi, ilisema lazima mtu aandike kitu ya kusomwa siku ya kumuaga. Kila mtu akawa bize. Mwisho wakasema ni mimi, Nashon wa geti, kwa sababu mtu wa geti ndiye anaona wote wakiingia na wakitoka. Shule sikuenda sana. Stacy wa ofisi ndiye amepiga hii kwa kompyuta. Amesema hajabadilisha kitu, lakini nimemwambia anisomee tena, pole pole.

Mzee aliingia hapa akiwa kijana wa kupaka grisi. Wanasema hiyo wakati yadi ilikuwa na katapila mbili na choo moja. Akapanda akawa turnboy, msaidizi wa opereta, halafu opereta, halafu fundi. Barabara mingi ya Muthangari na ya huku Ngong Road ilichimbwa yeye akiwa hapo chini ya mashini na mgongo kwa matope. Akitaka kujua injini inaumwa wapi, anaweka bisibisi ndefu kwa chuma, upande ule mwingine anaweka kwa sikio, anafunga macho. Dereva mpya akimuona hivyo anaenda kusema kwa ofisi kuna mzee analala kazini.

Haamini mtu haraka. Hiyo ndiyo kitu nilipenda kwake, kwa sababu hata mimi niko hivyo. Kikombe yake ya chai imefungwa na waya kwa dirisha ya stoo. Siku moja akakuta sukari imebaki chini ya kikombe, na yeye hanywi sukari. Akapita kwa kila mtu akiuliza, kwa upole kabisa, "Wewe chai yako unaweka ngapi?" Mpaka leo Kitheka wa stoo hanywi chai mbele yake.

Sasa niseme habari ya katapila.

Miaka michache imepita, kulikuwa na shamba ya kahawa upande wa Kiambu ilikuwa inakatwa plot. Ndani kulikuwa na katapila ya zamani, ya wakati mkoloni anaondoka na uhuru inakuja. Ilikuwa imekaa pale mpaka mti wa mpera ukamea ukapitia mahali ya kiti. Watu wa vyuma kuukuu waliitaka lakini walishindwa kuibeba. Mzee akaenda akaweka sikio kwa hiyo chuma baridi, akakata mpera, akalipa kidogo kidogo mpaka ikawa yake. Akaileta Mountain View, kwa compound ya Mama Lornah, mahali Mzee anaishi kwa nyumba ya nyuma na anamuangalilia boma.

Shida ilianza hiyo siku ililetwa. Hapa Nairobi katapila ikionekana karibu na vibanda, hakuna mtu anauliza ni ya nani, anajua imekuja kubomoa. Ivyne anauza sukuma hapo kando ya barabara. Aliona ile blade ikipita juu ya lori, akang'oa mabati yake kabla lori haijafunga breki. Wa viatu akang'oa. Wa chapati akang'oa na chapati ikiwa kwa moto. Jioni barabara ilikuwa safi kama wiki ya wageni wa serikali. Mzee akaenda kuwaambia ni yake, haina hata injini inawaka. Ivyne akamwambia, "Mzee, hata wale wa mwaka ile nyingine walisema wanapima tu." Akarudisha biashara, lakini mabati hakupiga misumari tena. Alikuwa anayafunga na kamba, tayari kukimbia, na kila asubuhi alikuwa anachungulia kwa geti ya Mama Lornah aone kama ile kitu imesonga.

Kutengeneza katapila na mshahara ya fundi si mchezo. Spea mpya Mzee alikuwa anaziona tu kwa maduka ya Grogan, anazishika, anaziweka chini. Pini za cheni zilikuwa zimeisha upande mmoja, akazitoa zote akazigeuza, ule upande mzima ukaingia kazini. Sproketi, ile gurudumu ya meno inavuta cheni, ya kushoto akapeleka kulia, ya kulia akaleta kushoto, ni vile vile, meno yakauma upande mpya. Rola za chini, zile gurudumu za chuma zinakanyaga cheni, zilikuwa zimelika zikawa nyembamba. Welda mmoja wa Kangemi akazijaza na welding, wakazichonga, na Mzee akamlipa kwa kumtengenezea jenereta. Kiti ni benchi ya kanisa, ile ilivunjika wakati wa harusi. Mama Kasyoki, bibi yake, alisema akikaa hapo asinune, hapo watu walikuwa wanaimba.

Vitu vidogo vilitoka hapa kwetu. Bolti imekatwa kichwa, mpira wa mkanda uliochoka, mkebe wenye grisi imebaki kwa kuta zake tu. Kitheka anamuandikia ruhusa, Mzee anaweka kwa kiondo ya bibi yake, na jioni anakuja geti. Hapo ndiyo tulikuwa tunakutana.

"Fungua, Mzee."

"Leo nimebeba engine mzima, kijana. Chunga isikuume."

Nilikuwa napekua mpaka chini. Natoa bolti moja moja, naangalia karatasi, narudisha. Wengine walikuwa wanakasirika kwa niaba yake, ati huyu mzee nimemkuta hapa, ni kama babangu. Yeye hakukasirika hata siku moja. Alikuwa anasimama na mikono nyuma, ananiangalia vile napekua, kama mtu anaangalia kama fundi mwingine amefunga nati vizuri.

Halafu mwezi wa saba rola mbili mpya zikapotea kwa stoo.

Foreman Oyoo hakutafuta mbali. Nani anatengeneza katapila kwake? Nani anatoka na kiondo kila siku? Nikamwambia rola moja inabebwa na wanaume wawili, kiondo itakatika masikio. Oyoo akasema, "Nashon, huyu mzee ni fundi. Ameifungua akaitoa kipande kipande. Anatucheza." Maneno ikafika ofisi kubwa ya tao, kule mjini, na tao wakasema pesa yake ya kustaafu isiguswe mpaka rola zionekane.

Hiyo pesa ndiyo ingelipa lori ile ndefu ya kubeba katapila mpaka kwao Mwala. Mzee anataka kuchimba silanga huko, kisima kubwa ya wazi ya kushika maji ya mvua, ya familia na majirani. Mvua ya Ukambani haingojei mtu amalize kesi. Ikinyesha mwezi wa kumi na moja kama shimo haijachimbwa, maji yote inaenda mtoni, na akina mama wanarudi kubeba mitungi mwaka mwingine mzima. Hiyo wiki niliona Mzee anapita geti bila kufanya mzaha.

Oyoo akatoa plan. Twende kwake Mountain View kama Welfare, tunatembelea mzee wetu anastaafu, na macho ifanye kazi yake. Na kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu, tulibeba sukari, mafuta ya kupika na unga. Tulienda Oyoo, Kitheka na mimi. Mimi nilibebwa kwa sababu najua kila kitu ilitoka na kiondo.

Mama Kasyoki alifurahi sana. Alitupokea shopping na mikono miwili, akatushukuru, akaomba, akachinja kuku. Sasa utaanzaje kumuuliza mtu habari ya wizi na ameweka firigisi kwa sahani yako? Tulikula muthokoi, ile mahindi ya kukoboa, na kuku. Oyoo alikuwa ananyoosha shingo kwa dirisha kuangalia turubai ilifunika katapila. Mzee akasubiri tunawe mikono. Akasema, "Haya. Mmekula, mmeshiba. Sasa kujeni muone ile kitu imewaleta."

Akavuta turubai. Akaweka gunia chini ili Oyoo asichafue suruali.

Oyoo akalala chini. Alikaa huko muda mrefu, tukaona viatu tu. Rola zote zilikuwa na makovu ya welding, hakuna mbili zinafanana. Alipotoka akasema basi Mzee ameziuza.

"Ameuza kwa nani?" Mama Kasyoki akauliza kutoka mlangoni, na hiyo sauti haikuwa ile ya kupokea unga. "Mtu ako na rola mpya auze, halafu afunge kuukuu kwa mashini yake? Wewe Oyoo, kuku yangu ulikula na mdomo gani?"

Mimi huwa siongei mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimefikiria hiyo kitu tangu yadi. Nikasema, "Hizo rola hazikupita geti na miguu." Wote wakaniangalia. Nikamaliza. Kila mtu anatoka na miguu napekua mimi. Ambao sipekui ni wa gari. Hiyo ni sheria ya yadi, nilipewa nikiandikwa: mwenye kutembea fungua mfuko, mwenye kuendesha piga saluti.

Na gari inatoka na vitu za kazi ni moja. Pickup ya foreman.

Oyoo akacheka. Halafu akawacha kucheka, akashika kichwa. "Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Jamhuri."

Tukaingia pickup, na Mzee pia, hadi site ya Jamhuri, karibu na ile uwanja ya show, mahali katapila ya yadi ilikuwa inasawazisha. Musili, opereta, akashuka. Oyoo akamuuliza rola zake za chini alitoa wapi. Musili akamuangalia kama mtu mgonjwa. "Si wewe uliniletea, bosi? Mashini ilikwama, tao wakakupigia makelele, ukaja mbio na rola mbili ukasema nifunge, utaandikisha kesho."

Hakuandikisha. Alisahau kabisa, na nilimuangalia sana nikitafuta kama anadanganya. Hakuwa anadanganya. Oyoo akatoa kofia mbele ya Mzee, pale pale kwa matope. Mzee akainama akaangalia chini ya mashini, akasema, "Musili, hii ya kulia umekaza vibaya."

Tao wameachilia pesa yake. Lori inakuja Jumamosi. Wiki iliyopita katapila iliwaka, injini yake ndogo ya petroli, ya kustarti, ikaamsha ile kubwa, moshi ikafunika Mountain View, na Ivyne akang'oa mabati tena. Safari hii aliyarudisha mwenyewe akicheka, na akapiga misumari.

Hapa yadi sheria imebadilika. Gari zote zinafunguliwa, na ya kwanza ni pickup ya Oyoo. Anashuka mwenyewe anafungua kabla sijasema.

Mzee Nzioka, Kitheka ameniambia siku yako ya mwisho nikuheshimu, nisikupekue, ufunguliwe geti kubwa kama bosi. Nimekataa. Siku ile ya rola, kitu iliniwezesha kusimama na kusema kwamba si wewe, ni kwa sababu nilikuwa nimepekua hiyo kiondo kila jioni mpaka chini. Kwa hivyo utakuja na miguu kama kawaida, utaiweka kwa meza, na nitatoa zawadi ya Welfare, nitaangalia karatasi yake, nitarudisha. Nataka utoke hapa umepekuliwa, ndio mtu asipate neno ya kusema nyuma yako.

Asante kwa miaka yote, Mzee. Mungu akufikishe Mwala salama, na mvua ikuje ikikuta shimo iko tayari.