Bi. Raudha Faraji, Aliyeupima Unga wa Ndugu Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa na aliyechukua, tunamwelezea Bi. Raudha Faraji Sadallah, mkaguzi wa vipimo, kabla hatujamsindikiza.

Alizaliwa hapa hapa Mtoni, Temeke, tarehe 14 Agosti 1968, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Faraji Sadallah na marehemu Bi. Zuena. Akiwa na miaka tisa alitumwa dukani sukari nusu kilo. Akamwona mwenye duka anaipima pamoja na mfuko mzito wa karatasi. “Shikamoo mzee,” alisema. “Na mfuko nao tunaukoroga kwenye chai?” Wateja walicheka, mzee akaongeza kijiko, na mtaa ukamwita Raudha Mzani.

Alimaliza shule ya msingi Mtoni mwaka 1982 na sekondari mwaka 1986, kisha akasomea vipimo katika chuo cha biashara hapa jijini. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991.

Tarehe 9 Septemba 1995 aliolewa na Bw. Twaha Nasser, fundi seremala wa Gongo la Mboto. Mchele wa harusi ulipoletwa, wapishi walimkuta anaupima gunia kwa gunia. “Bi harusi haingii jikoni!” walimfukuza. “Siingii jikoni,” alijibu, “naingia stoo.”

Kwa miaka thelathini na minne aliwafikisha mahakamani waliouza pakiti zenye maandishi ya uongo. Alisema mama anayenunua unga hana mzani mkononi, ana maandishi tu ya kuamini. Anayeyaandika kwa uongo humwibia mtu aliyefumba macho.

Septemba 2025 alianza ukaguzi wa unga wa sembe ulioandikwa kilo mbili. Duka la kwanza kuingia lilikuwa la mdogo wake, Bw. Yazid.

“Dada, Temeke nzima hukuona duka jingine?”

“Nikiliruka la kwako, la jirani nitaingiaje?”

Ukitoa mfuko, kila pakiti ilikuwa na gramu 1,840. Bw. Yazid alikiri kosa, akalipa faini, akaacha kupokea simu za dada yake. Bi. Raudha aliumia, lakini hakurudi nyuma. Alimfungulia kesi mwenye kiwanda kilichofungasha unga ule. Huyo alijitetea kwamba unga ulikauka ukiwa dukani. Basi Bi. Raudha akachukua pakiti kumi mpya za unga uleule na kuzihifadhi ofisini. Kila Ijumaa, kwa wiki sita, alizipima na mwenzake, Bi. Jenipher, wote wawili wakitia saini daftarini. Iliyopungua zaidi ilipungua gramu kumi na mbili, si mia moja na sitini.

Wakati huo figo zake zilikuwa zimeshachoka. Asubuhi alisafishwa damu hospitali, mchana alikuwa mezani kwake. Januari alilazwa. Hapo ndipo Bw. Yazid alipokuja, akasimama mlangoni.

“Dada, nitakwenda mahakamani kusema nilichouziwa.”

“Njoo na risiti,” alisema Bi. Raudha, kisha akamshika mkono, na hakuuachia mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Alifariki dunia Jumatano, tarehe 4 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri.

Tangu jana, hapa hapa msibani, wapo wanaonong’ona kwamba kesi ile imekufa naye. Haijafa. Itasikilizwa Jumatatu, tarehe 23 Februari. Bi. Jenipher atakwenda na daftari lenye saini zao wawili kila ukurasa. Bw. Yazid atakwenda; risiti anazo mfukoni hata sasa. Mwenye nafasi naye aje, akae, asikilize.

Ameacha mume, mabinti wawili, Munira na Najat, wajukuu watatu, na mdogo wake, Yazid, aliyekuja kwa wakati.

Mola amlaze pema, Raudha Mzani wetu, na mizani yake ya mema iwe nzito.