Kikohozi Kabla ya Ubeti wa Pili

Katika Noah ya abiria iliyotutoa Kasulu, mzee Havyarimana alikuwa amepakata kisanduku kidogo cheusi. "Kinavuta nyimbo mtandaoni, kinazipeleka kwenye spika zangu kubwa," alimweleza Louise, muuza vitenge aliyeketi kando yake. "Fundi wa Kibondo anataka kunibadilishia, nichukue cha kisasa zaidi."

"Basi badilisha, Papa! Kipya sauti yake ni safi."

Mimi, ambaye redio yangu haiwaki bila kupigwa kofi, nilitega sikio.

"Marehemu mke wangu aliimba kwaya kule kwenye kambi ya wakimbizi, na nyimbo zao zipo mtandaoni," mzee alisema. "Kwenye simu nilisikia kwaya tu. Kwa hiki, namshukuru Imana, Mungu wetu, nilimsikia yeye, akikohoa kabla ya ubeti wa pili. Nilimjua papo hapo."

"Kwa kipya utasikia hata akivuta pumzi."

"Na kikisafisha kikohozi?"

Louise alikitazama kisanduku. "Eh, Papa."

Tulipofika stendi ya Kibondo mzee alimshukuru dereva, akamshukuru Louise, akakipapasa kisanduku kana kwamba anakishukuru pia. Wengine wote tukashuka. Yeye akabaki ameketi, nauli ya kurudi Kasulu mkononi.