Mwalimu Jotoridi, Aliyeirudia Wodi Yake

Dada yetu mkubwa, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Jotoridi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Mama anasema alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona ametulia. Mimi mdogo wake, ninayesoma haya, nililala naye kitanda kimoja miaka minane. Kila wiki alikihamisha akitafuta upande wenye hewa, nami niliamka nikijigonga kwenye ukuta ambao jana haukuwepo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akamaliza sekondari 1982, akahitimu usanifu majengo chuo kikuu mwaka 1988. Kila ripoti iliandikwa: "Ana akili, ila hakai kitini." Baba alicheka tu. "Viti nimemtengenezea mwenyewe. Atakaa akichoka."

Alifanya kazi katika ofisi ya wasanifu kwa miaka kumi, kisha Januari 1999 akarudi chuoni kufundisha. Somo lake lilikuwa programu ya kompyuta inayokadiria jengo litakuwa na joto kiasi gani, na litakula umeme kiasi gani, kabla halijajengwa. Unaiingizia kuta, paa, madirisha na hali ya hewa ya mwaka mzima, nayo inakupa namba. Wanafunzi walizipenda picha za joto inazochora, za nyekundu na buluu. Yeye alipita nyuma ya viti vyao, akigonga kioo kwa kalamu: "Rangi nzuri, haya. Sasa niambie, nani yuko humo ndani, na anafanya nini?"

Swali hilo alilipata kwa aibu, na aliagiza lisemwe leo. Mwaka 2011 aliifanyia makadirio wodi ya watoto ya kituo kimoja cha afya, akaihakikishia kamati ya ujenzi kwamba haitapita nyuzi ishirini na nane. Kwenye kompyuta aliweka madirisha wazi mchana kutwa. Hakwenda kuuliza. Mbele ya wodi ile inapita barabara ya vumbi ya malori, na wauguzi walikuwa wakifunga madirisha tangu asubuhi. Ndani ikafika thelathini na nne. Siku aliyokwenda kujionea, mama mmoja aliyekuwa akimpepea mwanawe kwa kadi ya kliniki alimtazama dada, akamwuliza, "Mwalimu, hiyo kompyuta yako imewahi kulazwa humu?" Kesho yake aliwasomea wanafunzi kosa lake mstari kwa mstari. Tangu hapo hakuna aliyegusa programu kabla ya kushinda kutwa na kipimajoto katika chumba cha watu wengine, akiandika nani kafungua nini, nani kafunga, na kwa nini.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1990 na mpima ardhi, mtu mpole kupita kiasi. Shemeji anasema alioa mke mmoja lakini ameishi katika nyumba ishirini, kwa jinsi makochi yalivyohamishwa. Walijaliwa binti na mwana.

Februari 2022 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwambia apumzike, akajibu, "Wodi ikipoa." Miaka kumi na moja alikuwa akiiandikia ile kamati, akijibiwa kila mara kwamba barua imepokelewa. Nilimkasirikia, sitaficha. Nilimwambia, "Dada, acha basi, watu wameshasahau." Akanijia juu: "Wanaolazwa leo wasahau nini? Ndio kwanza wanaingia!" Mwishowe kamati ilikubali. Dari nene ikawekwa chini ya bati, na matundu ya hewa yakatobolewa juu ya ukuta wa uani, kusiko na vumbi.

Tarehe 4 Oktoba 2023 wanafunzi wake wawili walimletea kipimo hospitalini alikolazwa: nyuzi ishirini na sita. Akajiinua kwenye mto.

"Mmepimia wapi?"

"Mlangoni, Mwalimu."

"Mlangoni analala nani? Rudini kesho. Kitandani, saa nane mchana, madirisha yamefungwa."

Alifariki kesho yake, saa tano asubuhi, akiwa bado anaulizia saa.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mama yetu, wadogo zake wanne, na wanafunzi wasiohesabika, ambao wengi naona wamesimama hapa.

Dada, saa nane ile wanafunzi wako walikuwa wodini. Habari zako zilikuwa hazijawafikia. Kitanda cha katikati, madirisha yote yamefungwa, mtoto amelala: nyuzi ishirini na saba. Wamepima mara tatu.

Mungu akulaze mahali pema, na safari hii, tafadhali, ukubali kulala.