Safari Isiyo na Mwenyeji

Basi la bandarini, linalotutoa getini hadi melini, huwa kimya. Kila mtu amekumbatia mzigo wake. Jioni ile fundi wa kuchomelea vyuma, mikono imejaa makovu ya cheche, alimgeukia mshonaji aliyekaa naye, futi ya kupimia nguo bado shingoni. "Unakwenda kwa nani huko, mama?"

"Siendi kwa mtu. Nalala melini, kesho narudi nayo." Nikashtuka hata mimi. Kwetu mtu akisafiri sharti awe na mwenyeji, mgonjwa au msiba.

"Peke yako? Kule chini kwenye mabenchi?"

"Ndiko rahisi."

Yule bwana akashusha sauti. "Nyumbani wanajua?"

"Kwani baba wewe ni polisi?" Nikajifanya natazama dirishani.

"Mdogo wangu alipanda meli hiihii. Alisema anakwenda kupunga upepo. Lilirudi begi lake tu."

Mshonaji akamgeukia mzimamzima. "Pole sana. Lakini mimi sitaki kufa, nataka kulala. Nina watoto, mama mkwe na wateja wa sare. Toka alfajiri ni mama hiki, mama kile, hata msalani wananifuata. Nataka usiku mmoja tu nisiitwe."

"Naye alikuwa na jibu zuri."

Basi likasimama. Mwanamke akanyakua begi lake, akashuka mbio. Fundi akamfuata akipenya katikati ya watu, akiita mpaka gati zima likageuka: "Mama! Mama, ningoje! Mama!"