Kishindo Alikuwepo Nyumbani

Tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Mei 1979, mtoto wa pili wa baba dereva wa lori na mama muuguzi. Wazazi walimpa jina zuri, lakini halikudumu. Tangu alipoanza kusimama alikanyaga sakafu kwa nguvu, na shangazi yake, aliyelala chumba cha pili na kuupenda sana usingizi wa mchana, akamwita Kishindo. Jina likamganda, mpaka walimu wakaliandika kwenye vyeti.

Alianza shule ya msingi mwaka 1987 na kumaliza sekondari mwaka 1997. Mama yake anakumbuka siku aliyomtuma kiberiti. Alitoka mbio, akafika dukani, akasahau alichotumwa, akarudi mbio kuuliza, akaenda tena, na alipokileta mama alikuwa bado anamimina mafuta kwenye jiko. Hapo ndipo baba yake alipokubali kumnunulia raba.

Kocha aliyempokea mwaka 1999 alihangaika sana na zile nyayo. "Kishindo, wewe unakimbia au unatwanga?" alimuuliza mbele ya wenzake. "Nakimbia, kocha. Ardhi ndiyo inalalamika." Kocha alicheka mpaka akasahau kubonyeza saa. Kishindo alishinda marathoni mbili ugenini, na mtaani kwao watu walimjua kabla hajatokea kwenye kona, kwa jinsi alivyotua.

Tarehe 2 Desemba 2006 alifunga ndoa na muuzaji wa duka la dawa. Walijuana hapo hapo kaunta, alipokwenda kununua bandeji siku baada ya siku, nyingi kuliko miguu aliyokuwa nayo. Walijaliwa mabinti wawili na mwana wa kiume.

Sasa tufike pale ambapo wengi wenu mnapasubiri. Familia imeamua isemwe, tena isemwe hapa hapa.

Mwanariadha wa kiwango chake hutakiwa kutaja, kwa kila siku, muda wa saa moja atakaokuwa mahali fulani, ili wapimaji wa dawa zilizokatazwa wamkute bila kumpa taarifa. Akikosekana mara tatu, anafungiwa sawa na aliyekutwa na dawa. Kishindo alichagua nyumbani kwake, kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili alfajiri. Mara ya kwanza alikuwa msibani kwa yule shangazi, akasahau kubadilisha taarifa. Mara ya pili gari lilimharibikia njiani. Yote mawili yalikuwa makosa yake, na aliyakubali.

Mara ya tatu, tarehe 17 Oktoba 2012, alikuwepo. Kwa woga wa kukosekana tena alikuwa ameamka mapema, akawasha taa ya sebuleni, akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Mkewe aliketi karibu naye akimshonea kifungo cha koti. Hawakusikia chochote. Kulipokucha Kishindo alifungua mlango kutazama hali ya hewa, akakuta kibarazani wapimaji wawili wanafunga mikoba yao. Saa yake ilikuwa imekwisha.

Wapimaji walieleza kwamba walibisha hodi saa nzima. Kupitia pazia waliona taa, mwanamume kitini na mwanamke anayeshona. Jirani wa ng'ambo ya barabara, fundi cherehani, alisikia hodi hizo akiwa kitandani kwake. Kwenye kikao cha nidhamu mwenyekiti alimgeukia mke.

"Mama, ulisikia hodi?"

"Sikusikia."

"Jirani amesikia, ng'ambo ya barabara."

"Basi mniambie kwa nini sisi hatukusikia. Hata mimi nataka kujua."

Watu kule nyuma waliguna. Kishindo alifungiwa miaka miwili. Mtaani maneno yalikuwa mepesi: mke anauza dawa, mume kakimbia wapimaji, kuna haja gani ya kujumlisha? Lililomuuma zaidi mama huyu ni kuitwa mwongo na watu aliowapimia dawa za watoto wao. Aliacha kazi. Kwa miaka yote iliyofuata alitamani jambo moja, aaminiwe kwamba siku ile mumewe alikuwa nyumbani.

Asubuhi ya kwanza ya kufungiwa kwake, saa kumi na moja, mlango uligongwa. Kishindo alifungua. Hapakuwa na mtu, na umande wa kizingitini haukuwa umekanyagwa. Kesho yake uligongwa tena. Watoto walikua na hodi hiyo kama wenzao wanavyokua na jogoo wa jirani. Shemeji yake Kishindo, fundi wa kuchomelea, aliwacheka, akasema ni mbao inatanuka. Aling'oa mlango akaweka wa chuma, akalala pale sebuleni aone. Alfajiri hodi ilikuja, na ilisikika ikigonga mbao. Shemeji hakumaliza chai yake, na tangu hapo amekuwa akiwatembelea mchana.

Kifungo kilipokwisha Kishindo hakurudi mashindanoni. Alifungua kibanda cha kutengeneza viatu karibu na uwanja, na kwa miaka yote hakukubali safari ambayo ingemkuta nje ya nyumba saa ile. Alikuwa akikaa kitini, amevaa, anasubiri. Mkewe alimsihi, "Baba, walishakufungia, wakakufungulia. Nani tena anakutafuta?" Alijibu, "Sijui. Ila safari hii nimemsikia."

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, na kuanzia Januari hakuweza kusimama. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, mkewe alikuwa jikoni anamchemshia maji ya kunawa. Hodi ikaja. Kisha akasikia nyayo zikitoka chumbani na kupita kwenye ujia, nzito, za haraka, zile ambazo asingezichanganya na za mtu mwingine duniani. Komeo likavutwa.

"Baba watoto, umeamka?" aliita kwa furaha.

Alikuta mlango wa nje uko wazi. Kishindo alikuwa kitandani, amelala chali, ametulia, hapumui. Daktari amesema moyo ulisimama usingizini. Mkewe alipofunua shuka kumnyoosha miguu, aliona uvimbe umekwisha. Nyayo zilikuwa zimelowa umande na zina vipande vya majani. Alizifuta kwa maji yale yale ya moto. Alikuwa bado anafanya hivyo alipoingia fundi cherehani wa ng'ambo, anatabasamu. "Nimemsikia anapita mbio barabarani," alisema. "Nikasema afadhali, jamani, Kishindo kapona."

Yafuatayo hayamo kwenye karatasi mlizonazo, maana yametokea leo, na mjane ameomba yasomwe. Alfajiri hii nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, mlango uligongwa. Sote tulisikia, hata waliokuja kutoka mbali. Mwenyekiti wa kile kikao, ambaye ni mzee sasa na yuko nasi hapa, alisikia pia. Hakuna aliyethubutu kusogea. Mjane aliinuka, akafungua, akasimama kizingitini mbele ya uwanja mtupu. "Alikuwepo," alisema. "Siku ile alikuwepo, na mimi nilikuwa naye." Yule mzee, akiwa amekaa kwenye kiti cha Kishindo, alijibu: "Nakuamini, mama." Mjane aliuacha mlango wazi, akarudi kukaa na wanawake wenzake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akalia.

Marehemu ameacha mama mzazi, mke, mabinti wawili, mwana mmoja, kaka yake, shemeji zake na kocha wake. Apumzike kwa amani. Leo sote tunajua alipo.