Mlio wa Kumjulisha Rusi

Katika teksi ya kwenda Bwera, kwenye kiti kilicho mbele yangu, mzee Enoka alimweleza Swabrah, muuza spea aliyeketi kando yake, kwamba anakwenda kubadilisha pikipiki yake ya milimani.

"Chukua injini ya fostroki, mzee, haina kelele nyingi. Hiyo tustroki yako kila siku unachanganya oili na petroli, na moshi mingi!"

"Lakini inalia, mwanangu. Bibi yangu Rusi anaisikia nikiwa bado chini ya mlima, anaweka maji ya bundu, ugali wetu wa muhogo, kwa moto."

Hoja hiyo haimo katika vitabu vya injini nilivyosoma.

"Na siku ikizima katikati ya mlima?"

"Anashukaka kunitafuta, hata na mvua!" mzee akasema kwa fahari. Kisha akarudia polepole, "Hata na mvua."

Teksi ilisimama Bwera. Tulishuka sote, yeye akabaki amekaa, kama mtu anayepima bado ule mlio na ile mvua.